Mwenzio Akisafiri, Usizime Jiko

Katika nyumba nyingi nizijuazo, mmoja akisafiri jiko nalo huzimwa. Mume kaenda Dodoma kikazi wiki nzima, mke anakunywa chai ya rangi kwa mkate asubuhi, na usiku anairudia chai hiyo hiyo. Mke kaenda kwao kumuuguza mama, mume anazoeana na kijana wa chipsi pale kona mpaka anakaangiwa zege kabla hajasema neno. Waulize mbona hawapiki, wote wawili watakujibu kwa swali: nimpikie nani?

Jipikie wewe. Na usijipikie chakula cha kuzugia njaa. Pika kitamu, kinono, kinachotaka muda na pesa kidogo, kile ambacho mwenzio akiwapo hakipikwi kwa sababu hakili, hakipendi au kinamdhuru. Hilo ndilo shauri langu lote, na yanayofuata ni namna ya kulitekeleza bila kutupa chakula, bila kumaliza pesa ya mwezi na bila kumdhulumu mtu.

Najua kinachotuzuia. Tumelelewa kuamini kwamba chakula kizuri kina mwenyewe, na mwenyewe huyo ni mtu mwingine. Tunasema mgeni njoo mwenyeji apone, na kweli ndivyo tunavyoishi: samli inafunguliwa wifi akija, kuku anachinjwa shemeji akija, sahani za maua zinashushwa kabatini siku ya posa. Mwanamke anaweza kupika miaka thelathini asipike hata siku moja alichokitamani yeye. Anapika anachopenda mume, anazoea. Wanazaliwa watoto, anapika wanachokubali watoto, anazoea. Akija kuulizwa chakula akipendacho, anataja anachokipenda mumewe. Nimewaona wanawake wa namna hiyo, wenye mikono ya ajabu jikoni, na jambo hilo linanihuzunisha sana.

Wanaume nao wana lao. Huku pwani wanaopika pilau na biriani za harusi mara nyingi ni wanaume. Mtu anasimama alfajiri juu ya masufuria ya kulisha mtaa mzima, anajua kwa kunusa tu kwamba kitunguu kimefika, halafu mkewe akisafiri analala na soda na andazi. Ujuzi anao. Kinachomshinda ni kuona kwamba tumbo lake peke yake linastahili kuwashiwa moto.

Na iko sababu nyingine inayofanya siku za upweke ziwe na thamani jikoni. Watu wawili wakikaa pamoja, vyakula vyao hukutana katikati. Mimi ni mtu wa Tanga na mume wangu ni mtu wa Kagera. Kwake chakula ni ndizi, na nazi ni kitu kinachomlemea tumbo. Kwangu mchuzi usio na tui haujamalizika kupikwa. Basi kwa miaka tumekutana kwenye wali mweupe, maharage, nyama ya mchuzi, mchicha, samaki wa kukaanga. Ni chakula kizuri na sina ugomvi nacho. Lakini huko katikati tulikokutana hakuna pweza, kwa kuwa hawezi kumtazama. Hakuna ng'onda, yule samaki mkavu wa chumvi, kwa kuwa harufu yake inamfukuza sebuleni. Pilipili mbuzi inaingia kwa hesabu. Yeye naye ana vyake: mwezi wa Novemba ndugu zake wakimletea senene, huwakaanga na kula peke yake kwa furaha ambayo sijawahi kuishiriki, na mimi siku hizo nafungua madirisha na kumwacha. Sisi wawili tunapendana. Ndimi zetu zilizaliwa mbali.

Kwa hiyo kabla mwenzio hajafunga begi, kaa chini uandike vyakula ulivyoviacha. Andika kwa kalamu kabisa, maana kichwani havitakuja vyote. Vingine vimeachwa zamani mpaka vimesahauliwa. Anza na nyumba uliyokulia. Mama alipika nini Ijumaa? Bibi alikuwekea nini kando ulipotoka shule? Halafu njoo kwenye nyumba yako ya sasa: nini ulikipika mara moja, kikasuswa, hukukirudia? Orodha hiyo ndiyo ratiba yako ya wiki. Chagua vitatu, si saba. Wiki ya kupika makubwa kila usiku itakuchosha, na siku ya nne utarudi kwenye chai na mkate.

Nianze na pweza, kwa kuwa yeye ndiye wa kwanza kwenye orodha yangu, na kwa kuwa watu wengi wanamwogopa bure. Ukitaka pweza mzuri, tazama mwezi kabla hujatazama soko. Siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hukupwa mbali sana, miamba inabaki wazi, na wavuvi wa miguu, wengi wao wanawake, wanatembea na fimbo wakimtafuta kwenye mashimo. Siku hizo ndipo anapokuwa mwingi na mbichi, iwe ni Feri hapa Dar es Salaam, iwe ni Darajani Unguja. Usichukue wa chini ya nusu kilo hata ukipewa kwa bei ya kutupa. Kanuni za uvuvi zinamlinda mdogo huyo ili akue na kuzaa. Wa gramu 700 hivi ni wa kukutosha wewe siku mbili, maana pweza akipikwa hupungua karibu nusu yake.

Mgeuze kichwa nje, toa wino, matumbo na mdomo ule mgumu ulio katikati ya mikono. Msugue kwa chumvi ya mawe mpaka utelezi uishe, suuza. Wazee walimpiga juu ya jiwe mpaka akalegea. Kama huna jiwe na nyumba ni ya ghorofa yenye majirani wa chini, mtie kwenye friza usiku mmoja au miwili. Barafu inapojijenga ndani ya nyama inakata nyuzi zake, na kazi ya jiwe inakuwa imefanyika ukiwa umelala. Akishayeyuka mtie kwenye sufuria bila maji na bila chumvi, funika, moto wa chini. Utashangaa: baada ya dakika kumi atakuwa anaogelea katika maji yake mwenyewe, mekundu ya zambarau. Mwache hapo dakika 40 mpaka saa nzima, umchome kwa uma pale mkono unapoungana na kichwa. Uma ukiingia bila kusukuma, zima. Apoe ndani ya maji yale yale. Ukimtoa wa moto na kumkata haraka, ngozi inachubuka na unyevu wote unaondoka.

Tui la mtu mmoja ni nazi nusu. Hapo ndipo penye kikwazo: mtu anasema nazi nzima ya nini kwa mtu mmoja, anaacha kupika. Ikune nzima, chukua nusu ya nazi iliyokunwa, nusu funga kwenye mfuko uigandishe. Itakaa wiki kadhaa na haidhuriki. Kamua tui zito kwa maji ya vuguvugu kidogo sana, liweke kando. Mimina maji mengine, kamua tui jepesi. Kaanga kitunguu nusu na kitunguu saumu, tia nyanya moja iliyomenywa, manjano kidogo, iache nyanya ipotee kabisa. Tia tui jepesi na upawa mmoja wa maji ya pweza, kisha pweza aliyekatwa, na pilipili mbuzi nzima isiyopasuliwa, ili mchuzi upate harufu yake na ukali uwe hiari. Mwisho kabisa tui zito, na hapo usiondoke: koroga polepole kuelekea upande mmoja mpaka lichemke, la sivyo linakatika na mchuzi unakuwa mafuta juu na maji chini. Ndimu baada ya kuzima. Chumvi onja mwisho, kwa kuwa pweza ametoka baharini na ya kwake anayo.

Anayesoma haya akiwa Muscat au London, tui la kopo linafaa. Lizimue nusu kwa maji liwe jepesi, nusu liache lilivyo. Pweza aliyegandishwa wa dukani tayari amelegea.

Sasa wali. Hapa ndipo wapishi wazuri wanaposhindwa, kwa kuwa mikono yao imezoea kilo. Mchele wa mtu mmoja mwenye njaa ya kawaida ni gramu 100, yaani nusu ya kikombe cha mililita 250. Ukiwa na hamu kubwa ongeza kidogo. Tumia sufuria ndogo kuliko unavyodhani, yenye mfuniko unaobana. Mchele mchache kwenye sufuria pana unatandazwa chini na kuungua kabla ya kuiva. Maji nayo usiyapunguze kwa hesabu ile ile ya kugawanya. Mvuke unaopotea kwenye sufuria ya nusu kikombe haupishani sana na ule wa vikombe viwili, kwa hiyo ongeza vijiko viwili vitatu vya tui jepesi juu ya kipimo. Tui jepesi lichemke na chumvi, mchele uingie, na likikaribia kukauka mimina tui zito juu, geuza mara moja, funika. Kina mama zetu walipalia makaa juu ya mfuniko. Kwenye gesi, punguza moto mpaka mwisho, weka karatasi ya alumini chini ya mfuniko, uache robo saa.

Halafu kuna ukoko. Katika nyumba ya watu saba ukoko wa nazi hugombewa, na mama ndiye anayeukosa daima. Usiku huu ni wako wote. Ukitaka uwe wa dhahabu na unaovunjika kwa mlio, ongeza moto dakika tatu za mwisho na usikilize: sauti ya kuchemka ikigeuka kuwa ya kukaangika, hesabu mpaka sitini na uzime.

Ng'onda anataka kupangwa siku moja kabla, na ni vizuri akapikwa mapema katika safari ya mwenzio ili harufu ipate siku za kutoka. Mloweke usiku kucha, badilisha maji mara mbili au tatu, msugue magamba yaliyobaki. Mpitishe juu ya makaa kidogo, au kwenye kikaango kikavu, mpaka aanze kunukia. Mchambue, toa miiba, umpike kwenye tui na embe bichi au mbilimbi, maana chumvi ya ng'onda bila kitu cha uchachu inachosha ulimi haraka. Tanga tunamla na bada, ugali wa unga wa muhogo, na mtu aliyelelewa nao hatafuti kitu kingine pembeni. Kipande cha ukubwa wa kiganja kinatosha. Mwenye presha ya damu asimle huyu kila siku hata kama amemkosa mwaka mzima. Kuloweka kunapunguza chumvi, hakuimalizi.

Nimeandika kwa urefu juu ya vyakula vyangu, lakini vyako huenda ni vingine kabisa. Mtu wa Moshi aliyeolewa Mtwara atakuwa amekosa mtori, ule mzito wa nyama ya mfupa na ndizi zilizopondwa, ambao nyumbani kwao ulipikwa hata bila ya mzazi aliyejifungua ndani. Mwingine anataka makongoro yaliyochemka usiku kucha. Mwingine anataka maini tu, na mwenzake hayataki. Haya ya mwisho ni chakula bora cha mtu mmoja, kwa kuwa ini likipikwa jingi linachemka badala ya kukaangika. Nunua robo kilo, la mbuzi ukilipata. Menya ule utando wa juu, kata vipande vyembamba vya unene wa kidole kidogo, kausha kwa kitambaa. Kikaango kiwe cha moto sana, mafuta kidogo, vipande visigusane. Dakika mbili upande mmoja, mbili wa pili, mpaka katikati pasiwe na wekundu. Kitunguu kingi kilichokaangwa kando, pilipili manga, ndimu. Chumvi itie sahani ikiwa mezani; ikitangulia kikaangoni, maji hutoka na ini linakuwa gumu. Mjamzito asilifanye chakula chake cha kujistarehesha, kwa kuwa ini lina vitamini A nyingi kupita mahitaji ya mtoto aliye tumboni.

Kamba nao ni rahisi kuliko sifa zao. Watu wanawaogopa kwa sababu ya bei ya kilo. Wewe huhitaji kilo, unahitaji robo, na robo ya kamba mara moja kwa mwezi haizidi sana kile ambacho chipsi kuku wa siku tatu mfululizo wangekula mfukoni mwako. Wamenye, toa ule uzi mweusi wa mgongoni, kaanga kwa siagi na kitunguu saumu mpaka wabadilike rangi na kujikunja, dakika tatu hivi, si zaidi. Maganda na vichwa usitupe. Vikaange kwenye mafuta mpaka viwe vyekundu, tia maji, chemsha robo saa, chuja, upikie wali kwa supu hiyo. Ni kitu ambacho kwenye familia kubwa hatukifanyi kwa kukosa nafasi, na ladha yake ni ya hali ya juu.

Pilau ya mtu mmoja haifai. Utamu wake uko kwenye supu ya mifupa mingi na kitunguu kilichokaangwa kwa wingi mpaka kikawa hudhurungi, na vyote viwili vinataka sufuria kubwa. Iache kwa siku za watu.

Neno moja kuhusu soko. Kuna aibu isiyo na msingi ya kununua kidogo. Mtu anaona haya kumwambia mwenye bucha robo, anachukua kilo, nyama inakaa kwenye friji mpaka inabadilika. Sema robo kwa sauti ile ile unayosemea kilo mbili. Chagua na sehemu pia: kwa kuwa nyama ni chache, taka iliyo nzuri, na mwambie unaipikaje, mwenye bucha anayejua kazi yake atakukatia inayofaa. Feri nenda asubuhi, mpe samaki wako kijana wa kuparua akusafishie palepale, urudi nyumbani na kitu kilicho tayari kwa moto. Nyanya, vitunguu na ndimu nunua kwa mafungu madogo. Viungo vikavu navyo ni bora kuvinunua kidogo kidogo: iliki, mdalasini na bizari nyembamba vilivyokaa mwaka kwenye kopo vimebaki rangi tu.

Kuna wengine ndani ya nyumba, nao hawajasafiri. Kama una watoto, mwenzio kutokuwapo hakukupi nafasi ya kula kamba huku wao wanakula maharage mbele yako. Walishe mapema chakula chao wakipendacho, walale, kisha upike. Au wapikie nao kiasi, waonje pweza wa nazi, huenda ndani ya nyumba kuna ulimi wa Tanga ambao ulikuwa hujaugundua. Dada wa kazi naye ana mdomo. Sipendi, na nitalisema bila kuzunguka, nyumba ambazo bosi anapakua samaki na dada anapakua mchuzi wa juzi jikoni kwa kusimama. Usiku unaojipikia kitu kizuri, pika kwa ajili ya wawili kama naye yumo ndani. Na pwani tumefundishwa kwamba harufu ya mchuzi ikivuka ukuta, jirani amepata haki ya bakuli. Bakuli dogo la pweza kwa mama wa jirani halipunguzi chochote, na linazuia yale maneno ya kwamba fulani mumewe akiondoka anajifungia kula.

Maneno hayo yapo, na yanawazuia wengi. Sisi ni watu wa sinia moja, mikono mitano sita inakutana katikati, na mla peke yake kwetu ana jina baya. Naliheshimu fundisho hilo na wanangu nimewalea nalo. Linamkemea mtu anayemficha mwenzie chakula. Mwenzio yuko Dodoma, hujamficha kitu. Akipiga simu usiku akauliza umekula nini, mwambie kwa jina lake: nimekula pweza wa nazi na wali, na ukoko nimeumaliza. Usiseme "chochote tu." Ukianza kudanganya juu ya chakula unakitia najisi kitu kilichokuwa halali, na yeye anabaki safarini akidhani unateseka kwa mkate.

Kisha kula kama mtu aliyealikwa. Usile kwenye sufuria ukiwa umesimama. Toa sahani ya wageni, zile za maua, tandika kitambaa au mkeka, nawa, kaa. Oga kwanza kama jiko lilikuwa la moto, ubadilishe nguo. Simu iache chumba kingine. Ukila huku unatazama video za watu, pweza wa saa mbili anaisha kwa dakika sita na hukumbuki alivyokuwa. Mimi napenda redio kwa sauti ya chini, taarabu ikipatikana. Wengine wanapenda kimya, na wana haki. Kachumbari iwe kwenye kibakuli chake, ndimu iwe imekatwa, maji ya baridi yawe karibu, ili usiinuke katikati.

Kitamu cha mwisho kisiwe kazi. Ndizi moja mbivu ya mkono wa tembo, iliyoanza kuwa na madoa meusi, ikatwe mara tatu na kuchemshwa kwenye tui kidogo, iliki mbili zilizopondwa, sukari kijiko kimoja, chembe ya chumvi. Robo saa kwenye moto mdogo. Ile ile ndizi ikibaki, asubuhi inaliwa ya baridi.

Kiporo nacho kina adabu zake, na kwa joto letu hili si jambo la kupuuza. Wali uliobaki usilale kwenye sufuria mezani. Utandaze kwenye chombo kipana upoe haraka, uuingize kwenye friji ndani ya saa moja, mbili zikizidi sana. Wali una bakteria wanaoitwa Bacillus cereus, ambao mbegu zao haziuawi na kuchemka. Ukiachwa kwenye joto wanaamka, wanazaana na kutoa sumu, na sumu hiyo ukiupasha wali asubuhi haiondoki. Kwa hiyo pasha mara moja tu, mpaka uwe wa moto kweli, na usiuweke zaidi ya siku moja. Mchuzi wa tui nao unachacha upesi. Ukiona mapovu madogo au harufu ya uchachu ambayo hukuitia, mwaga. Pweza aliyechemshwa bila tui anakaa vizuri siku mbili kwenye friji, ndiyo maana nakushauri umwunge nusu tu. Nusu ya pili, kesho yake, mchemshe na maji yake yaliyobaki, tangawizi, pilipili na ndimu, upate supu.

Siku moja kabla mwenzio hajarudi, safisha. Toa taka zenye maganda na miiba, fua vitambaa vya jikoni, chemsha maji yenye karafuu na mdalasini bila mfuniko mpaka mvuke utembee nyumba nzima. Mume wangu hatafurahi kukutana na ng'onda mlangoni baada ya saa kumi za basi, na kumpokea vizuri ni sehemu ya makubaliano.

Na safari ikiwa ni yako, usimpikie mwenzio masufuria ya mchuzi wa siku tano na kuyabandika majina kwenye friji. Tunafanya hivyo kwa mapenzi, na tunamnyima nafasi ile ile tuliyoitaka sisi. Mwonyeshe bizari iko kopo gani na gesi inafungwaje. Mwachie ndizi mbichi za kwao, maharage yaliyokwisha chemshwa, vitunguu, samli na pesa ya nyama. Kama ni Novemba, mpigie shemeji umuulize senene wanafika lini. Kisha mwambie kabla hujapanda gari kwamba usiku utapiga simu, na utataka kujua amepika nini.